Siku Kumi Baada ya Hukumu: Namna ya Kuilinda Rufaa ya Jinai Isife kwa Kuchelewa

Mtu anapotiwa hatiani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu na kusomewa adhabu yake, ndugu waliojaa kwenye mabenchi ya nyuma huwa na mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja: nani atampa mama habari, karandinga litaondoka saa ngapi, atapelekwa gereza la Ukonga au kwingineko, na kama askari watawaruhusu kumpa hata chupa ya maji. Katika pilikapilika hiyo maneno machache ya mwisho ya hakimu hupita bila kusikika, ilhali ndiyo maneno ambayo baadaye watu hutamani wangeyaandika. Sheria inamtaka hakimu, anapotoa adhabu, amweleze aliyehukumiwa muda alionao wa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa na muda wa kuwasilisha hati ya rufaa yenyewe. Kuanzia siku hiyo saa inatembea, na haisimami kwa sababu familia imechanganyikiwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu huyo aliyeko kwenye benchi la nyuma, na kwa ajili ya aliyehukumiwa mwenyewe iwapo utamfikia. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikisaidia familia kuandaa karatasi hizi hapa Dar es Salaam, nimeona rufaa zenye sababu nzito zikianguka kabla hazijasikilizwa, kwa sababu tu karatasi moja haikuandikwa ndani ya siku kumi. Namba za vifungu ninazotaja ni zile za toleo la sheria la mwaka 2022. Toleo la marejeo lililoanza kutumika mwaka 2025 limezipanga upya namba hizo, kwa hiyo ukinukuu kifungu kwenye karatasi ya mahakama hakikisha umetazama namba ya sasa.

Jambo la kwanza ni kujua kesi ilianzia wapi, kwa kuwa muda hutegemea mahakama. Kesi iliyosikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo, tuseme Kariakoo au Sinza, rufaa yake huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Hapo hakuna taarifa ya kusudio. Hati ya rufaa ndiyo inayowasilishwa moja kwa moja. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya ana siku nyingine 30 za kwenda Mahakama Kuu, na hati hiyo huwasilishwa katika Mahakama ya Wilaya ileile iliyotoa uamuzi, jambo ambalo watu wengi hulikosea kwa kukimbilia masijala, yaani ofisi ya kupokea karatasi za kesi, ya Mahakama Kuu.

Kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hufuata njia nyingine, na hapa ndipo ajali nyingi hutokea. Kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinaweka hatua mbili ambazo ni lazima zote zitimizwe. Ya kwanza ni taarifa ya kusudio la kukata rufaa, ambayo hutolewa ndani ya siku 10 tangu tarehe ya kutiwa hatiani, adhabu au amri inayolalamikiwa; adhabu ikiwa ni viboko pekee, siku ni tatu tu. Ya pili ni hati ya rufaa yenye sababu za rufaa, ambayo huwasilishwa ndani ya siku 45 tangu tarehe hiyohiyo, isipokuwa kwamba muda uliohitajika kupata nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hauhesabiwi.

Watu husikia habari ya nakala, wakaielewa vibaya. Huambiwa na jamaa, au hata na mtu wa ofisini anayepaswa kujua zaidi, kwamba wasubiri kwanza hukumu ichapwe ndipo waanze. Kwa hati ya rufaa ushauri huo una ukweli fulani. Kwa taarifa ya kusudio ni sumu. Siku 10 hazina punguzo la nakala. Taarifa haihitaji sababu za rufaa wala haihitaji kusoma hukumu. Inasema tu kwamba fulani, aliyetiwa hatiani katika kesi namba fulani, tarehe fulani, hakuridhika na anakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu dhidi ya kutiwa hatiani, adhabu, au vyote viwili. Ni nusu ukurasa. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila wasiwasi wowote, kwa kuwa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini.

Nusu ukurasa huo una mitego yake. Kichwa cha taarifa kiandikwe Mahakama Kuu, kwa kuwa ndiko rufaa inakoelekea, ingawa karatasi yenyewe hupokelewa katika mahakama iliyosikiliza kesi. Namba ya kesi na mwaka wake viandikwe kama vilivyo kwenye jalada. Majina ya aliyehukumiwa yafuate yale yaliyo kwenye hati ya mashtaka, hata kama nyumbani anaitwa kwa jina jingine. Tarehe ya hukumu iwe sahihi, na tarehe ya kuitoa taarifa iandikwe waziwazi pamoja na sahihi au dole gumba. Halafu, na hili ndilo linalosahaulika, usiondoke kwenye dirisha la masijala bila nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka. Niliwahi kukaa na kijana mmoja wa Tandale tukiwa na nakala ambayo wino wa muhuri ulikuwa umefifia kiasi kwamba tarehe ilisomeka 3, au 8, au 13. Tulipoteza miezi kulithibitisha jambo ambalo karani angelimaliza kwa kugonga mara ya pili.

Kwa aliyeko gerezani utaratibu ni mwepesi zaidi, endapo utafuatwa. Mfungwa hutoa taarifa yake kupitia ofisi ya Mkuu wa Gereza, na kifungu cha 363 kinamruhusu kumkabidhi Mkuu wa Gereza hati yake ya rufaa, naye ana wajibu wa kuipeleka mahakamani. Ndugu anapokwenda kumtembelea Ukonga katika juma la kwanza, swali lake la mwanzo baada ya salamu liwe hili: umeshaweka dole gumba kwenye taarifa ya rufaa, na ilikuwa tarehe ngapi? Kama jibu ni kwamba ameambiwa asubiri, basi aombe siku hiyohiyo kwa ofisa anayeshughulikia rufaa za wafungwa. Siku za mwanzo gerezani ni za kuhesabiwa, kupangiwa chumba na kuzoea, na mfungwa mgeni mara nyingi hajui hata amwulize nani.

Tufanye hesabu moja ili jambo lionekane. Tuchukulie hukumu imesomwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi na siku ya kumi ni Alhamisi tarehe 13 Machi. Taarifa iliyopokelewa tarehe 14 imechelewa. Siku ya 45 inaangukia Alhamisi tarehe 17 Aprili, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Sasa mtu wa kwanza anaandika barua ya kuomba nakala ya mwenendo na hukumu tarehe 5 Machi, akazipata tarehe 12 Mei. Ametumia siku moja tu kati ya 45 zake kabla ya kuomba, kwa hiyo baada ya kupokea nakala ana siku 44, na hati yake inaweza kuingia hadi tarehe 25 Juni. Mtu wa pili, mwenye hukumu ya tarehe ileile, analala hadi tarehe 10 Aprili ndipo anaandika barua, naye pia anapata nakala tarehe 12 Mei. Yeye ameshakula siku 37, na kwa hesabu ya tahadhari amebakiwa na siku nane. Tarehe 20 Mei mlango unafungwa. Siku ambazo sheria inaziondoa ni zile za kutafuta nakala, na huwezi kusema unaitafuta nakala ambayo hujaiomba.

Ndiyo maana barua ya kuomba nakala iandikwe siku moja na taarifa ya kusudio. Iandike kwa hakimu mfawidhi wa mahakama husika, taja namba ya kesi, omba mwenendo wa kesi na hukumu, na upate muhuri kwenye nakala yako kama ulivyofanya kwa taarifa. Aliyehukumiwa anapoomba nakala ya hukumu hupewa bila malipo, na ukidaiwa fedha dirishani omba stakabadhi. Ombi hilo la stakabadhi lina tabia ya kulimaliza deni. Nakala ikitoka, tazama tarehe iliyoandikwa kuwa ilikuwa tayari na tarehe uliyokabidhiwa, na uzihifadhi zote mbili kwa kuandikisha kwenye daftari la kupokelea. Iwapo karatasi zinawasilishwa na wakili kupitia mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, mwombe achapishe uthibitisho wa kupokelewa, kwa kuwa kauli ya kwamba niliituma jana usiku haina uzito pasipo uthibitisho huo.

Hadi hapa nimezungumza kama vile rufaa ni jambo moja. Kwa kweli kuna malalamiko mawili tofauti, lile la kutiwa hatiani na lile la adhabu, na muda unayagusa kwa namna zisizofanana. Aliyekiri kosa mwenyewe haruhusiwi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaruhusiwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, ingawa mahakama za juu zimekubali kusikiliza pia hoja kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kamili. Mtu wa namna hii, ambaye hukumu yake huwa fupi na mara nyingi imetolewa siku ileile aliyofikishwa mahakamani, ndiye anayechelewa zaidi, kwa kuwa watu humwambia kwamba ukishakiri basi yamekwisha.

Lalamiko la ukali wa adhabu lina mlango mmoja tu. Kwa kesi zilizoanzia mahakama za chini, Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, inaruhusu rufaa ya pili kwenda Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria pekee, na inasema bayana kwamba ukali wa adhabu si miongoni mwa hoja hizo. Maana yake ni kwamba mtu aliyepewa miaka saba kwa kosa ambalo angeweza kupewa mitatu ana nafasi moja ya kumweleza jaji kwamba alikuwa mkosaji wa mara ya kwanza, kwamba alikaa mahabusu miaka miwili kabla ya hukumu, kwamba alirudisha mali. Nafasi hiyo iko Mahakama Kuu. Akizipoteza siku 10 au 45, na maombi yake ya kuongezewa muda yakakataliwa, hakuna mahali pengine pa kulipeleka lalamiko hilo. Uhalali wa adhabu ni jambo jingine: adhabu iliyovuka kiwango cha sheria ni kosa la kisheria, na hilo linaweza kupanda hadi juu.

Hapa inafaa kusema ukweli usiopendeza. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeweka kifungo kisichopungua miaka 30, na jaji hawezi kushuka chini yake hata akikuhurumia namna gani. Katika kesi kama hiyo usitumie kurasa kuomba huruma. Elekeza sababu za rufaa kwenye ushahidi, utambuzi wa mshtakiwa, hati ya mashtaka na utaratibu wa usikilizaji. Tena, Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza adhabu na pia wa kuiongeza. Anayelalamikia adhabu ambayo ni nyepesi kuliko sheria inavyotaka anaweza kutoka na nzito zaidi, nami nimewashauri watu wawili watatu wasiiguse adhabu yao kabisa.

Kwa vifungo vifupi muda una ukatili wa aina yake. Mtu aliyepewa miezi sita, akipata msamaha wa theluthi kwa tabia njema, atatoka baada ya miezi minne. Ikiwa taarifa ilichelewa na ikabidi kwanza aombe kuongezewa muda, anaweza kuwa nyumbani kabla maombi hayajapangiwa jaji. Rufaa bado ina maana kwa ajili ya jina lake na kazi yake, lakini kifungo ameshakitumikia. Anayefikiria dhamana wakati akisubiri rufaa ajue kwamba maombi hayo husimama juu ya rufaa iliyo hai, kwamba mahakama huitoa kwa nadra, na kwamba rufaa ikishindwa siku alizokuwa nje kwa dhamana hazihesabiwi kuwa sehemu ya kifungo.

Vipi kama muda umeshapita? Kifungu cha 361(2) kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kupokea rufaa iliyochelewa kwa sababu ya msingi. Usiingize rufaa iliyochelewa ukitumaini kwamba hakuna atakayehesabu. Wakili wa Serikali atahesabu, na asipohesabu yeye jaji atahesabu. Na wasipoona wote wawili, Mahakama ya Rufani itaona baadaye. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Zimekuwapo rufaa zilizosikilizwa Mahakama Kuu hadi mwisho, zikapanda Mahakama ya Rufani, ndipo ikagundulika kwamba taarifa ya mwanzo kabisa ilitolewa nje ya siku 10. Mwenendo wote wa Mahakama Kuu hubatilishwa, na mfungwa huambiwa arudi alikoanzia, miaka ikiwa imekwenda. Nafuu iliyopo ni kwamba rufaa iliyochelewa kwa kawaida huondolewa mahakamani, haitupiliwi mbali kwa kushindwa, hivyo njia ya kuomba muda na kuanza upya hubaki wazi.

Maombi ya kuongezewa muda hufanywa kwa hati ya maombi ikiungwa mkono na kiapo, na kiapo ndicho roho yake. Mahakama hutazama mambo ambayo Mahakama ya Rufani iliyaweka katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya mwaka 2010, ambalo lilikuwa la madai lakini hutumika pia kwenye jinai: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii na si uzembe, na kama kuna kasoro kubwa ya kisheria katika uamuzi aionyeshe. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Kwa hiyo kiapo kinachosema kwamba mwombaji alikuwa mgonjwa hakitoshi. Kiseme aliugua tangu tarehe gani hadi tarehe gani, alitibiwa zahanati ya gereza au wapi, alipata nafuu lini, na kati ya siku ya nafuu na siku ya kuwasilisha maombi alikuwa akifanya nini. Kutoijua sheria hakukubaliwi kuwa sababu, na uzembe wa wakili kwa kawaida haukubaliwi pia. Kama mfungwa anasema aliikabidhi taarifa kwa wakati na ikachelewa ofisini, apate kiapo cha ofisa wa magereza aliyehusika, kwa kuwa maneno yanayomtaja mtu mwingine hayathibitiki bila kiapo cha mtu huyo. Majaji wanaelewa kwamba mfungwa hana uhuru wa kutoka kwenda masijala, lakini wanachotaka kuona ni kwamba alifanya lile lililokuwa ndani ya uwezo wake.

Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani hesabu hubadilika. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinataka taarifa ya rufaa iwasilishwe kwa maandishi kwa Msajili wa Mahakama Kuu mahali uamuzi ulipotolewa, ndani ya siku 30, na hapa taarifa hiyo ndiyo inayoianzisha rufaa. Hati ya sababu za rufaa hufuata ndani ya siku 21 baada ya mkata rufaa kupewa kumbukumbu ya rufaa, yaani mkusanyiko wa nyaraka za kesi. Mfungwa huhesabiwa kuwa ametimiza masharti iwapo amemkabidhi Mkuu wa Gereza taarifa yake ndani ya muda. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, kinahitajika pia cheti cha Mahakama Kuu kwamba ipo hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa. Baada ya Mahakama ya Rufani kuamua hakuna rufaa nyingine. Yapo mapitio tu, ambayo huombwa ndani ya siku 60 na kwa sababu chache mno, na anayeyaomba kwa kurudia hoja za rufaa hupoteza muda wake.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikae nyumbani kwa sababu hiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada wa kisheria, wakiwamo wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, nao huandika taarifa ya kusudio bila malipo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina wanasheria wa msaada hapa jijini. Ukienda, beba namba ya kesi, tarehe ya hukumu, jina la mahakama na jina la gereza. Mambo manne hayo yanatosha kuanza kazi siku hiyohiyo, na bila hayo utaambiwa urudi kesho, nayo kesho inahesabiwa.

Na kama ndugu yenu ameachiwa huru, furahini, lakini jueni kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka naye ana haki ya kukata rufaa. Yeye ana siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio na siku 45 za kuwasilisha hati ya rufaa, naye pia huondolewa muda wa kusubiri nakala. Aliyeachiwa asihame kutoka Mbagala kwenda mkoani bila kuacha anwani na namba ya simu kwa karani na kwa wakili wake, kwa sababu wito wa rufaa hupelekwa mahali alipojulikana mara ya mwisho, na asipopatikana jitihada za kumfikia huendelea kwa njia nyingine, hata kwa tangazo la gazeti ambalo huenda yeye asilisome.